Ile picha ya "Kilwa 1572" inayozunguka mitandaoni: ilichongwa wapi, na tuiamini kiasi gani?

Mchapaji wa Kariakoo (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna picha haichoki kurudi kwenye magrupu ya WhatsApp. Mji umezungukwa na maji, nyumba zimebanana, minara imechomoza, juu pameandikwa QVILOA. Anayeirusha huwa ameongeza na maneno yake: "Kilwa yetu mwaka 1572, kabla wazungu hawajatuharibia." Hapo watu huanza. Mmoja anasikitika, wa pili anawalaani Wareno, wa tatu anauliza ile minara aliibomoa nani.

Mimi ni mchapaji, na picha za miji zilizochapwa zamani ndio ugonjwa wangu. Leo naomba tuikague hii kama kazi ya uchapaji, maana ndivyo ilivyo.

Tarehe kwanza. Vasco da Gama alifika Kilwa 1502 akamlazimisha mtawala kutoa kodi. Julai 1505 Francisco de Almeida akaja na meli za vita, akauteka mji, Wareno wakajenga ngome, na 1512 wakaiacha. Kwa hiyo ifikapo 1572 huo uharibifu ulishatokea miaka zaidi ya sitini nyuma. Huo 1572 si mwaka ambao mtu alikaa kwenye dau mbele ya kisiwa akachora alichokiona. Ni mwaka ambao kitabu kilitoka mitamboni, mjini Cologne, Ujerumani.

Kitabu chenyewe kinaitwa Civitates Orbis Terrarum. Mhariri wake ni Georg Braun, kasisi wa Cologne. Mchongaji mkuu ni Frans Hogenberg, mzaliwa wa Mechelen, ambayo leo iko Ubelgiji. Hogenberg alikuwa ameshachonga ramani nyingi za atlasi ya Abraham Ortelius iliyotoka Antwerp 1570, na ile atlasi iliuzika sana. Wakaona soko lipo: Ortelius kauza nchi, wao watauza miji. Juzuu la kwanza likatoka 1572, la sita na la mwisho 1617. Hogenberg alifariki 1590 na kazi haikusimama. Jumla ni picha na ramani za miji zaidi ya 500, na hakukuwahi kuwa na mkusanyo wa miji uliochapwa wa ukubwa huo.

Sasa njooni kwenye karatasi yenyewe. Kilwa haina ukurasa wake. Ndani ya juzuu la kwanza kuna karatasi moja yenye miji minne. Nusu ya juu yote kapewa Aden, bandari ya Yemen. Nusu ya chini imekatwa mara tatu: Mombaza, Quiloa, Cefala, yaani Mombasa, Kilwa na Sofala ya Msumbiji. Mchoro mzima una upana wa sentimita 47 hivi, kwa hiyo Kilwa imeangukiwa na sentimita 15 tu au pungufu. Zile picha kubwa za Kilwa peke yake mnazoziona kwenye kuta za mahoteli ni kipande hicho kimekuzwa. Shikeni hilo la vipimo, nitalirudia.

Nani alichora? Braun hakutia mguu Afrika Mashariki, wala Hogenberg. Braun alikuwa mkusanyaji: anaandika barua huku na huku, anaomba watu wenye michoro ya miji yao wamletee. Kwa miji ya Ulaya alipata watu wazuri. Joris Hoefnagel wa Antwerp, kwa mfano, alizunguka Hispania na kalamu mkononi, na ukiangalia Granada au Sevilla yake unaona kabisa huyu alikuwepo: mlima uko mahali pake, barabara inapinda inapopinda. Kwa miji ya Afrika na Asia alisaidiwa na Constantin von Lyskirchen, mfanyabiashara wa hapo hapo Cologne, aliyempatia michoro yenye asili ya Kireno. Kwa hiyo hesabuni mikono: Mreno fulani alichora au alisimulia, mwingine akanakili, mfanyabiashara akaleta Cologne, mchongaji akahamishia kwenye shaba. Kila mkono uliongeza au ulipunguza kitu.

Nitaendelea kwenye posti inayofuata, hapa pamejaa.

---

Mchapaji wa Kariakoo

Mwendelezo. Sehemu hii ni ya mtambo, wasiopenda ufundi warukeni.

Kabla ya shaba walitumia mbao. Kibao kinachongwa, sehemu nyeupe zinaondolewa, mistari inabaki imeinuka, unapaka wino juu, unagandamiza karatasi. Uzuri wake ni kwamba kibao kinakaa pamoja na herufi za risasi kwenye mtambo uleule, picha na maandishi vinatoka kwa pamoja. Ubaya wake mistari haiwezi kuwa myembamba sana, inavunjika.

Shaba ni kinyume chake. Mchongaji anasukuma kalamu ya chuma yenye ncha kali, inachimba mfereji ndani ya bamba. Wino unapakwa bamba zima kisha unafutwa kwa kitambaa na kiganja hadi ubaki ndani ya mifereji tu. Karatasi inaloweshwa ilainike. Halafu vyote vinapitishwa kati ya magogo mawili mazito yanayozunguka, na ule mkandamizo ndio unaoivuta karatasi iingie mferejini ikachukue wino. Ukipitisha kidole juu ya nakala nzuri ya zamani unausikia mstari umetuna. Na ukingo wa bamba unaacha kovu la mraba kuzunguka picha yote.

Kila kitu kinachongwa kigeuzwe. Kulia ni kushoto. Mchongaji anayejua mji atagundua akikosea. Asiyeujua hatagundua kamwe.

Maandishi hayawezi kutoka pamoja na shaba, kwa sababu herufi za risasi zinataka mtambo mwingine. Ndiyo maana kwenye kitabu cha Braun maelezo ya mji yako nyuma ya karatasi, na picha imetanda kurasa mbili na mkunjo katikati. Toleo la kwanza nyuma ni Kilatini, baadaye wakatoa la Kijerumani na la Kifaransa kwa mabamba yaleyale. Rangi ilipakwa kwa mkono, nakala moja moja, kwa mteja aliyelipia rangi. Hakuna nakala mbili zenye rangi zinazofanana sawasawa.

Kwa hiyo ninavyoisoma mimi hii Kilwa: inaaminika inaposema kwamba huu ni mji wa kisiwani, una bandari, una majengo ya kudumu, na kwamba mtu wa Cologne aliuona unastahili kukaa karatasi moja na Aden. Haiaminiki kwa umbo la jengo hata moja.

Nawasilisha.

---

Ngoswe wa Mtandaoni

Mkuu umeniharibia siku. Mimi ndo huwa nairusha hiyo picha kwenye grupu la ukoo 😂

---

Binti Masoko

Asante sana mleta uzi. Mimi ni wa Kilwa, nimevuka kwenda Kisiwani tangu mtoto, na ile minara ndiyo ilikuwa inanikera siku zote.

Ukiingia Msikiti Mkuu pale Kisiwani unakuta nguzo, matao, na kuba juu ya sehemu iliyoongezwa kusini. Ni msikiti mkubwa kweli, ulianza karne ya 11 ukapanuliwa karne ya 14. Mnara mrefu wa kuonekana kutoka baharini haupo. Tena si Kilwa tu. Misikiti ya zamani ya pwani yetu kwa kawaida haikujengewa minara mirefu. Ule wa Shela kule Lamu, ule mweupe ambao kila mtalii anaupiga picha, ni wa karne ya 19.

Na nyumba za mawe za wakati ule zilikuwa na dari bapa: boriti za mikoko, juu yake mawe ya matumbawe na chokaa, imeshindiliwa. Ukisimama Kisiwani leo mbele ya magofu halafu ukaangalia ile picha kwenye simu, hakuna jengo unaloweza kusema "hili ndilo lile". Hata moja.

---

Tega Sikio

Kwa hiyo mchongaji alijaza tu?

---

Binti Masoko

@Tega Sikio mtu wa Cologne ukimwambia "mji mkubwa wa Waislamu" atachora nini? Atachora minara, maana ndiyo anayoijua kutoka picha za Istanbul na Cairo.

---

Mzalendo Halisi

Naona mnafurahi kubomoa historia yetu wenyewe. Mzungu akichora Kilwa nzuri mnasema kaongopa. Angechora vibanda mngeamini haraka sana. Kwa hiyo mnataka kutuambia Kilwa haikuwa na kitu?

---

Mchapaji wa Kariakoo

@Mzalendo Halisi hasira yako naielewa ndugu yangu, ila umeigeuza hoja. Kilwa haihitaji shahidi wa Cologne. Ina Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14 juu ya jabali, lenye birika la pembe nane na nyua zake, tena linatazama bahari. Ina sarafu zake za shaba. Sarafu yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman imeokotwa Great Zimbabwe, na sarafu nyingine za Kilwa ziliokotwa 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Ibn Battuta alifika mwenyewe 1331, akiwa hai na miguu yake. UNESCO wameiorodhesha pamoja na Songo Mnara tangu 1981.

Sasa mtu mwenye ushahidi wa namna hiyo anang'ang'ania kipande cha sentimita 15 kilichochongwa na mtu ambaye hakuwahi kuona mnazi? Hoja yangu ni kwamba tunashika ushahidi dhaifu tunaacha wa nguvu, kisa huo dhaifu una rangi na unaingia vizuri kwenye status.

---

Mzalendo Halisi

Hiyo ya Australia sikuijua. Sawa, endelea.

---

Mwana wa Kibokoni

Salaam alaikum jamaa. Naomba nichangie upande wa Mombasa, maana twakaa karatasi moja.

Watu hapa wakiiona ile Mombaza jambo la kwanza wauliza: Fort Jesus i wapi? Haimo, wala haiwezi kuwamo. Ngome ilianza kujengwa 1593, mchoraji wa ramani yake ni Giovanni Battista Cairati, Mtaliana aliyekuwa akifanyia kazi Wareno. Karatasi ya Cologne imeitangulia kwa miaka 21. Almeida alipotoka Kilwa mwaka 1505 alikuja moja kwa moja huku kwetu, Agosti, akauchoma mji. Kwa hivyo habari za Mombasa zilizofika Ulaya nyingi ni za mtu aliyeuona mji akiwa juu ya meli, na mizinga, na haraka ya kuondoka.

Atakaye kuiona Mombasa iliyochorwa kwa makusudi ya kikazi na atafute kitabu cha António Bocarro cha 1635, kitabu cha ngome za Wareno za mashariki. Michoro yake ni ya Pedro Barreto de Resende. Mle muna Mombasa na Fort Jesus yake, muna Muskati vilevile. Haikuchapwa wakati ule, ilikuwa ya mkono, ya kupelekewa mfalme. Na hapo muone tofauti: kile cha Cologne ni cha kuuziwa watu, hiki ni cha kujua mizinga mingapi iko wapi. Wala haikuwasaidia sana. Muskati ilichukuliwa na Waomani 1650, na Fort Jesus 1698 baada ya kuzingirwa tangu 1696.

---

Mpima Ardhi Mstaafu

Vijana, mmenitoa usingizini. Nimepima viwanja maisha yangu yote, kwa hiyo naomba niweke mpaka kati ya vitu viwili mnavyovichanganya: picha ya mji na ramani ya mji.

Picha ya mji inachorwa kutoka mahali fulani. Mtu amesimama kilimani au amejifanya yuko angani, nyumba ya mbele inafunika ya nyuma, kanisa linachorwa kubwa kuliko haki yake. Ramani ya mji haina mahali pa kusimama. Kila nukta inatazamwa kutoka juu yake wima, na umbali kwenye karatasi una uwiano mmoja na umbali wa ardhini.

Watu hudhani picha ndiyo ya kale na ramani ya upimaji ni ya juzi. Si kweli. Kuna kibao cha udongo cha mji wa Nippur, Iraki ya leo, cha zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, kinachoonyesha ukuta, malango na mfereji, na vipimo vimeandikwa. Warumi mwanzoni mwa karne ya 3 walichonga mji wao wote juu ya mabamba 150 ya marumaru, uwiano wa 1 kwa 240 hivi, wakayapachika ukutani: upana mita 18, kimo mita 13. Ngazi za ndani ya nyumba zinaonekana! Ukuta ule baadaye uling'olewa, marumaru nyingi zikachomwa kuwa chokaa, vikabaki vipande.

Baada ya hapo Ulaya ilikaa muda mrefu bila kitu cha namna hiyo. Kisha mwaka 1502 Leonardo da Vinci, akimtumikia jemadari Cesare Borgia, akatoa ramani ya Imola, mji wa Italia. Itafuteni mtandaoni, iko kwenye hazina ya kifalme pale Windsor. Duara moja, mistari minane ya pepo kuu, ndani yake kila mtaa na kila kiwanja, umetazamwa wima. Nimeiangalia kwa jicho la kazi yangu: angeniletea ofisini kwangu ningemwekea mhuri. Lakini hiyo ilikuwa ya mkono, ya jemadari, umma haukuiona.

Roma ilipata ramani ya upimaji iliyochapwa 1551, ya Leonardo Bufalini. Na kule Nchi za Chini, yaani Uholanzi na Ubelgiji za leo, Gemma Frisius alishaeleza 1533 namna ya kupima nchi kwa pembetatu: unapima mstari mmoja wa msingi, kisha unapanda minara ya makanisa unasoma pembe tu. Jacob van Deventer akatumwa na mfalme Philip wa Pili wa Hispania, kuanzia 1558, apime miji ya nchi hizo. Alipima zaidi ya 200. Ramani safi kabisa, na zikafungiwa kwa sababu za kivita. Hata hivyo baadhi zilimfikia Braun kwa njia zake, na ukiweka ramani fulani fulani za Cologne pembeni ya za Deventer unaona mtaa kwa mtaa ni ileile, wameongezea nyumba zilizosimama ili mnunuzi afurahi.

Ndani ya kitabu kimoja, basi, mna kazi ya mpimaji aliyepanda minara na mna Kilwa ya kusimuliwa, na zote zimechongwa kwa mkono uleule mzuri, wino uleule. Msomaji wa kawaida angejuaje ipi ni ipi?

---

Mchapaji wa Kariakoo

@Mpima Ardhi Mstaafu shikamoo mzee. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nifungue uzi. Shaba inasawazisha kila kitu. Uvumi na kipimo vikitoka mtamboni vinavaa suti moja.

---

Mpima Ardhi Mstaafu

Marahaba.

---

Shemeji wa Ujerumani

Habari za saa hizi wakuu, nipo huku Ujerumani mwaka wa kadhaa sasa, na hizi picha nimezifuatilia kwenye makumbusho. Msimlaumu Braun peke yake, waliomtangulia walikuwa na mambo makubwa zaidi.

Mwaka 1493 pale Nuremberg Anton Koberger alichapa historia ya dunia iliyoandikwa na Hartmann Schedel. Ina picha zaidi ya 1,800, lakini vibao vilivyochongwa ni 645 tu. Zilizobaki? Marudio. Mfalme mmoja anakuwa wafalme watano, na mji mmoja wa kubuni unakuwa miji kadhaa, wanabadilisha jina tu juu. Kurasa chache mbele mji uleule unatokea tena, ukuta uleule, mnara uleule, jina jipya. Halafu ndani ya kitabu hichohicho Nuremberg yenyewe imechorwa kwa uaminifu wa ajabu, maana wateja walikuwa wakichungulia dirishani wanaiona.

Kabla yake kidogo, 1486, Erhard Reuwich alichapa pale Mainz picha za miji aliyoipitia mwenyewe kwenye safari ya hija kwenda Yerusalemu pamoja na kasisi Breydenbach. Venice yake inakunjuliwa kutoka kitabuni mpaka inapita mita moja na nusu. Yule alitembea kweli.

Ila mfalme wa kazi hizi kwangu mimi ni Venice ya Jacopo de' Barbari, mwaka 1500. Vibao sita vikubwa, karatasi sita, ukiziunganisha ni karibu mita 2.8 kwa 1.35. Mchapishaji Anton Kolb aliiambia serikali ya Venice kwamba kazi imemchukua miaka mitatu, akaomba haki ya kuiuza peke yake na asitozwe ushuru wa kuitoa nje. Bei ilikuwa dukati 3, sarafu za dhahabu, si pesa ya mtu wa kawaida. Vibao vyenyewe vipo hadi leo, kwenye makumbusho ya Museo Correr pale Venice. Kwenye nakala za mwanzo mnara wa kengele wa San Marco una paa bapa la muda, kwa sababu radi ilikuwa imeupiga 1489. Mnara ulipokamilishwa, wakaenda kuchonga upya kile kipande cha kibao. Yaani waliusahihisha mji kwenye mbao.

---

Ngoswe wa Mtandaoni

Yaani copy-paste ilianza 1493 😂😂 na sisi tunalaumu magazeti ya leo

---

Mswahili wa Ruwi

Assalaam alaikum. Mimi nipo Muskati. Nilinunua kwenye duka moja nje ya nchi picha ya "Kilwa, ya asili, 1572", imewekwa fremu ya dhahabu, upana wake nusu mita nzima, Kilwa peke yake. Muuzaji akanipa na cheti. Baada ya kusoma uzi huu tumbo linaniuma. Naomba mnisaidie kuikagua.

---

Mchapaji wa Kariakoo

@Mswahili wa Ruwi waalaikum salaam. Pole kaka, ila vipimo vyako vimeshajibu. Nilisema nitarudi kwenye sentimita. Kilwa ya bamba la Cologne ina sentimita 15 hivi na imeshikana na Mombasa upande mmoja na Sofala upande wa pili, Aden juu yao. Kilwa peke yake ya asili itakuwa mtu kachukua mkasi akaikata, na itakuwa ndogo kama bahasha. Ya nusu mita imekuzwa kwa kamera.

Ukitaka uhakika zaidi itoe kwenye fremu, usiogope.

Chukua kioo cha kukuzia, angalia mstari mmoja mweusi. Ukiona vidoti, tena vya rangi nne vimejipanga, hiyo ni ofseti, uchapaji wa kisasa, ndiyo kazi tunayofanya sisi Kariakoo kila siku. Mstari wa shaba ni mweusi mmoja usiokatika, unaanza mwembamba, unanenepa, unaisha na ncha.

Igeuze. Nyuma pawe na maandishi, na mkunjo wa katikati uonekane kwa karatasi nzima. Nyuma kweupe pe si dalili nzuri kwa karatasi ya Braun, ingawa matoleo mengine ya baadaye ni hadithi tofauti.

Ielekeze kwenye mwanga. Karatasi ya wakati ule ilitengenezwa kwa matambara, ikachotwa kwa chekeche la nyaya, kwa hiyo utaona mistari myembamba imejipanga na mingine michache inaikata. Karatasi ya leo yenye rojo ya mti inaonyesha mawingu tu.

Rangi ya kijani ya zamani ilikuwa na shaba ndani yake. Inaila karatasi taratibu, na nyuma yake huwa pamegeuka kahawia. Kijani kibichi kinachong'aa na nyuma pasafi, jiulize.

Hayo yote hayana maana kwamba picha yako ni takataka. Ni nakala nzuri ya kutundika. Tatizo ni ile bei na kile cheti.

---

Mswahili wa Ruwi

Nimeitoa. Vidoti. Mungu anaona.

---

Kitabu Hakiozi

Nami niseme jambo ambalo wapenda fremu hawalipendi. Karatasi nyingi za asili zilizoko sokoni zilitoka kwenye vitabu vizima vilivyochanwa. Muuzaji ananunua juzuu moja, anaona kuuza kurasa moja moja kunalipa kuliko kuuza kitabu, anachukua kisu. Vitabu vilivyovuka vita na moto kwa miaka 400 vimeishia kuwa mapambo ya sebuleni. Na mabamba yenyewe ya shaba nayo yalisafiri: Jan Jansson wa Amsterdam aliyapata akayachapa tena 1657, yakapita kwa Frederik de Wit, mwishowe kwa Pieter van der Aa wa Leiden aliyeyatumia 1729. Hebu fikirieni, mtu wa 1729 anauziwa mji kwa bamba la miaka ya 1500!

Kwa hiyo hata ukipata karatasi ya kweli ya shaba, "1572" ya kwenye lebo inabidi uihoji.

---

Tega Sikio

Swali la kizushi: kwenye hizi picha za Ulaya huwa kuna watu wamesimama mbele, wamevaa mavazi ya kwao. Kwani ni wa nini, kujaza nafasi?

---

Shemeji wa Ujerumani

@Tega Sikio swali zuri hilo. Kazi ya kwanza ni kumuonyesha mnunuzi mavazi ya mji: bibi huyu, tajiri huyu, mkulima huyu. Lakini Braun mwenyewe alitoa sababu nyingine kwenye dibaji, na ni kichekesho. Alisema kuweka picha za binadamu kutawazuia Waturuki wasitumie kitabu chake kupangia vita, kwa kuwa dini yao inawakataza sanamu za watu.

---

Mwana wa Kibokoni

Subhanallah 😂 Sultani wa Istanbul aache kupiga vita kwa ajili ya bibi mwenye kilemba!

Tena Waturuki hawakuwa na haja ya kitabu cha kasisi. Piri Reis alishatoa kitabu chake cha bahari 1521, akakiongeza 1526, bandari za Mediterania moja baada ya moja. Na Matrakçı Nasuh alichora Istanbul na miji ya njia ya kwenda Iraki aliyoipita na jeshi la Sultan Suleiman, kazi ya 1537 hivi. Miji yake haina mtu hata mmoja, ni majengo, miti na maji tu. Wakati huohuo wachoraji wa jumba la Sultani walikuwa wakichora watu bila wasiwasi, vitabu vizima vya masultani na vita vyao. Braun alijidanganya mwenyewe au aliwadanganya wateja wake, mimi naona la pili.

---

Binti Masoko

Mleta uzi, swali la mwisho kwangu. Nafundisha sekondari. Nataka kuwaonyesha wanafunzi karatasi nzima yenye miji minne, si kile kipande. Naipata wapi bila kulipa?

---

Mchapaji wa Kariakoo

@Binti Masoko Chuo Kikuu cha Heidelberg wameweka mtandaoni toleo la Kijerumani lenye rangi, kurasa zote, bure. Tafuta jina Braun na Hogenberg pamoja na Heidelberg. Ukifika kwenye Aden umefika, Kilwa iko chini yake. Karatasi inayofuatana nayo ina Calicut juu, na chini Hormuz, Cannanore na Elmina ya Ghana. Waonyeshe zote mbili kwa pamoja, wataona Cologne walivyoipanga dunia ya biashara ya Wareno: bandari, bandari, bandari, bara halipo.

Ukiweza, wape kazi ya kulinganisha na ramani ya magofu ya Kisiwani aliyotoa mwanaakiolojia Neville Chittick baada ya kuchimba pale miaka ya 1960. Waambie watafute jengo moja tu linalolingana.

---

Binti Masoko

Hiyo nimeichukua. Jumatatu wanaanza.

---

Mwana wa Kibokoni

Na ukimaliza na Kilwa, mleta uzi, utufungulie uzi wa Unguja. Kapteni Guillain Mfaransa alipita pwani hii 1846 hadi 1848 na mtambo wa picha wa siku zile, wa mabamba ya fedha, kisha Paris wakazichora upya kwenye mawe na kuzichapa. Zile ndizo nataka uzikague kwa hicho kioo chako.

---

Mchapaji wa Kariakoo

Guillain ana uzi wake peke yake ndugu yangu, na una ugomvi ndani. Nikimaliza kadi za harusi za mwezi huu nauleta.